Kuanzisha, Kuitikia na Kujibu: Utendaji wa Nyimbo za Mashabiki wa Soka Katika Viwanja vya Dar es Salaam

Ikisiri

Nyimbo na vifijo vya mashabiki wa soka ni miongoni mwa maonyesho makubwa ya fasihi simulizi yanayofanyika kwa Kiswahili hivi sasa, lakini ni nadra kutiwa katika orodha ya tanzu zinazochunguzwa. Makala hii inachunguza utendaji huo katika viwanja vya Dar es Salaam, hasa katika mchezo wa Simba na Yanga. Inadai kwamba utendaji huo umejengwa juu ya matendo matatu ya lugha, yaani kuanzisha, kuitikia na kujibu. Kwamba tendo la tatu hutawaliwa na kanuni za utani. Na kwamba kanuni hizo zimeacha alama hata katika upatanisho wa kisarufi. Mwishoni makala inaonyesha jinsi kipaza sauti na simu zinavyoyatenga matendo hayo matatu, na athari za utengano huo kwa mpaka uliopo baina ya utani na tusi.

1.0 Utangulizi

Mulokozi (1989) ameeleza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na muktadha fulani wa kijamii, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Maelezo hayo yamewafaa watafiti wengi wa ngano, maghani na nyimbo za jando. Hata hivyo, yakipelekwa uwanja wa mpira yanazua swali gumu: fanani ni nani, na hadhira ni ipi?

Kwa mtazamo wa haraka, fanani ni wachezaji 22, na waliokaa majukwaani ni hadhira. Lakini hao waliokaa majukwaani nao huimba, hupiga ngoma, huvaa maleba na kucheza. Wao ni hadhira ya mchezo na papo hapo ni fanani wa wimbo. Aidha, wimbo wao una hadhira yake, nayo si wachezaji peke yao. Hadhira iliyo muhimu zaidi imeketi upande wa pili wa uwanja, imevaa rangi nyingine, na inasubiri zamu yake. Wahenga walisema kuimba kupokezana. Hoja ya msingi ya makala hii ni kwamba methali hiyo ndiyo kanuni ya wimbo wa jukwaani: wimbo usiopokewa na wenziwe, wala kujibiwa na mtani, haujakamilika hata kama sauti yake ni kubwa.

Mifano itakayotumiwa ni majina, salamu na kaulimbiu zinazojulikana na kila mfuatiliaji wa soka nchini Tanzania. Matini za nyimbo zenyewe hazikunukuliwa, kwa kuwa kinachochunguzwa ni jinsi zinavyotendwa na mahusiano yanayojengwa na utendaji huo.

2.0 Mahali na Wakati

Yanga (Young Africans) ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilianzishwa mwaka 1936, ikapitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Makao ya klabu zote mbili yako katika eneo la Kariakoo: Simba katika Mtaa wa Msimbazi, na Yanga katika makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Ndiyo maana mchezo wao huitwa dabi ya Kariakoo. Hata hivyo, Kariakoo ni mahali pa makao tu. Mahali pa wimbo ni Temeke na, kwa kiasi fulani, Kinondoni. Mashabiki hutoka katika matawi ya Magomeni, Tandale, Tandika, Keko na Mbagala, wakiwa katika daladala na pikipiki, na wimbo huanzia njiani kabla ya kufika langoni.

Uwanja wa kwanza kuhusishwa na utamaduni huu ni Uwanja wa Taifa wa zamani, ambamo sherehe za uhuru zilifanyika usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Baada ya kujengwa uwanja mpya kando yake, ule wa zamani ukaitwa Uwanja wa Uhuru, nao mashabiki wanauita Shamba la Bibi. Uwanja mpya, wenye viti vipatavyo 60,000, ulianza kutumika mwaka 2007. Kwa kuwa ulijengwa na Wachina, mashabiki waliuita Kwa Mchina. Mwezi Julai mwaka 2020, baada ya kifo cha Rais mstaafu Benjamin Mkapa, ulipewa jina lake, na vinywani mwa mashabiki ukawa Kwa Mkapa. Viwanja vingine vinavyohusika ni ule wa Azam ulioko Chamazi, na ule wa KMC ulioko Mwenge.

Majina hayo mawili, Kwa Mchina na Kwa Mkapa, yanastahili kuangaliwa kwa makini. Muundo wa kwa + jina la mtu ni muundo wa kawaida wa kutaja mahali katika Dar es Salaam: Mtoni kwa Aziz Ali katika Temeke, Tandale kwa Mtogole na Mwananyamala kwa Kopa katika Kinondoni. Muundo huo huligeuza eneo kuwa kaya. Penye kaya pana mwenyeji, na mwenyeji huwa na mgeni. Kwa hiyo, kabla shabiki hajafungua kinywa kuimba, jina la uwanja limekwisha kumweka katika uhusiano wa kijamii na yule anayekuja kucheza.

Kaulimbiu mashuhuri ya miaka ya karibuni, Kwa Mkapa hatoki mtu, imejengwa juu ya uhusiano huo. Kiswahili kina methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaulimbiu hii inaipindua: mgeni aje, lakini asitegemee kuondoka salama. Kisintaksia, kiima kimewekwa baada ya kitenzi: badala ya mtu hatoki pamesemwa hatoki mtu. Mpangilio huo humwondolea huyo mtu utambulisho wowote, na maana inayopatikana ni kwamba hakuna hata mmoja atakayetoka. Aidha, mgeni halisi wa mashindano ya Afrika, ambaye mara nyingi hutoka Afrika ya Kaskazini au Afrika Magharibi, haelewi Kiswahili. Maneno hayo yanaelekezwa kwake kwa sura, lakini wanaoyasikia na kuyapima ni wenyeji, akiwamo mtani. Tutalirudia jambo hili katika sehemu ya 5.0.

Kufungamana kwa kaulimbiu na mahali kulidhihirika tarehe 25 Mei 2025, Simba ilipocheza mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mchezo huo ulifanyika katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, badala ya Temeke. Timu ilikuwa ileile na sehemu kubwa ya mashabiki ilikuwa ileile, lakini kaulimbiu ilikuwa imepoteza kaya yake.

3.0 Kuanzisha na Kuitikia

Katika ngoma za jadi, mwanzishaji anajulikana na huheshimiwa. Jukwaani hali ni tofauti kidogo. Mwanzishaji anaweza kuwa kiongozi wa tawi, mpiga ngoma, au mtu yeyote mwenye sauti aliyeuona upenyo. Cheo chake hudumu kwa muda wa wimbo mmoja. Akianzisha wimbo usiofaa kwa hali ya mchezo, hapokewi, na sauti yake hufia kwenye safu yake. Akianzisha unaofaa, safu ya jirani hupokea, kisha ya tatu, hata jukwaa zima. Kwa hiyo hadhira ndiyo inayoamua nani awe fanani, na uamuzi huo hutolewa kwa kuitikia au kunyamaza.

Kuitikia kwenyewe kuna kanuni katika Kiswahili. Lugha hii ina jozi nyingi za usemi ambazo sehemu ya pili ni lazima na haibadiliki. Mtegaji akisema Kitendawili! hujibiwa Tega! Msimulizi akisema Paukwa! hujibiwa Pakawa! Mgeni akipiga hodi huambiwa karibu. Mikutano ya siasa nayo ilizoesha vizazi kadhaa kuitikia jina la chama kwa Oyee! na Kidumu! kwa Kidumu! Salamu za klabu zimekaa katika mkondo huohuo: anayelitaja jina la Simba kwa sauti ya kuita huitikiwa Nguvu moja, na kaulimbiu ya Yanga, Daima mbele, nyuma mwiko, hugawanywa baina ya anayeita na wanaoitikia. Asiyejua kuitikia hutambulika mara moja kuwa ni mgeni jukwaani.

Mfumo huu wa kupokezana una sababu nyingine, ambayo ni ya kifizikia. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Uwanja wa Mkapa umezungukwa na njia ya mbio za riadha, hivyo majukwaa yake yako mbali na uwanja wa kuchezea na mbali zaidi baina yao. Sauti inayovuka meta 170 huchukua nusu sekunde kufika. Nusu sekunde ni muda wa kutosha kuvuruga wimbo mrefu unaotakiwa kuimbwa kwa pamoja na watu walioko pande mbili. Kila upande utausikia mwenziwe umechelewa. Lakini nusu sekunde haivurugi mwito na mwitikio, kwa sababu katika mwito na mwitikio kuchelewa kidogo ni sehemu ya utaratibu. Hivyo jadi ya lugha na ukubwa wa uwanja vimeelekea upande mmoja: usemi mfupi, zamu zilizo wazi, na ngoma inayoshikilia mapigo.

Ngoma hizo na matarumbeta yanayozifuata havikuja na soka peke yake. Ranger (1975) ameonyesha jinsi ngoma ya beni, yenye vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa sare, vyeo na ala za kupuliza, ilivyoenea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Mdundiko wa Wazaramo ulikwisha kuuzoesha mji wimbo unaotembea barabarani ukikusanya watu. Baadaye ikaja mipasho ya taarab, ambamo ushindani wa vikundi ulikuwa sehemu ya maonyesho. Shabiki anayetoka Mbagala akipuliza na kuimba ana watangulizi wengi. Katika mkusanyiko huo vigelegele vya wanawake, ambavyo havina maneno, hufanya kazi iliyo mahususi: hutia muhuri wa sherehe kwenye bao kama vinavyotia muhuri kwenye ndoa.

4.0 Umbo la Sauti

Majina ya klabu hizi mbili yamepata umbo linalofaa sana kwa mwito. Simba hugawanyika kuwa Si-mba, na Yanga kuwa Ya-nga. Yote yana silabi mbili zilizo wazi; yote yana mkazo kwenye silabi ya kwanza, ambayo ndiyo ya pili kutoka mwisho kama kanuni ya Kiswahili inavyotaka; yote yanaishia na irabu /a/, iliyo pana kuliko irabu zote na inayoweza kurefushwa kadiri pumzi inavyoruhusu. Mkazo hubeba kofi au pigo la ngoma, na irabu ya mwisho hubeba urefu.

Maumbo ya awali hayakuwa hivyo. Young Africans ni jina la maandishi, lenye fungu la konsonanti na linaloishia na konsonanti. Sunderland nalo lina mfuatano wa konsonanti usio wa kawaida katika Kiswahili, na linaishia na konsonanti. Jina la kwanza lilifupishwa vinywani mwa watu likawa Yanga. La pili lilibadilishwa rasmi mwaka 1971. Sababu za mabadiliko ya pili hazikuwa za kifonolojia, lakini matokeo yake yaliwapa mashabiki wa pande zote mbili majina yenye mizani sawa. Usawa huo si jambo dogo. Lahani iliyotungwa kwa jina moja huweza kupokea jina la pili bila kurekebishwa, na ndiyo maana wimbo wa kukejeli huweza kugeuzwa papo hapo na kurudishwa kwa aliyeutoa.

Kaulimbiu nazo zina mizani inayohesabika. Nguvu moja ina silabi nne na mikazo miwili inayopishana kwa usawa: NGU-vu MO-ja. Daima mbele, nyuma mwiko ina silabi tano kisha nne, na imejengwa kwa ukinzani wa mbele na nyuma bila kitenzi chochote. Kukosekana kwa kitenzi kunaiweka karibu na methali, na neno mwiko, lenye uzito wa katazo la jadi, linaongeza ukaribu huo. Kwa mnasaba huu kaulimbiu hizi hukaa katika mpaka wa tanzu mbili: zikisemwa ni semi, zikiitikiwa kwa ngoma ni kiini cha wimbo.

5.0 Kujibu: Wimbo Kama Utani

Vyombo vya habari na mashabiki huwaita Simba na Yanga watani wa jadi. Istilahi hiyo imezoeleka kiasi kwamba uzito wake hausikiki tena. Lugha ingeweza kuchagua mahasimu, maadui au wapinzani, na maneno hayo hutumika pia. Lakini lililokita mizizi ni watani, nalo lina maana mahususi katika jamii za Tanzania. Utani ni uhusiano baina ya makabila, koo au jamaa, ambao huruhusu na hata kulazimisha kejeli. Mara nyingi huelezwa kuwa ulitokana na makabila yaliyopigana zamani au kukutana katika misafara ya biashara. Radcliffe-Brown (1940) aliueleza uhusiano wa aina hii kuwa ni mchanganyiko wa uhasama wa sura na urafiki wa ndani, ambamo anayekejeliwa hatakiwi kukasirika. Kwa upande wa wajibu, mtani huja msibani, hufanya mzaha mbele ya wafiwa, na pia hushika kazi.

Ikiwa istilahi hiyo ina maana, kanuni tatu za utani zinapaswa kuonekana katika nyimbo za jukwaani. Ya kwanza ni kwamba kejeli ni haki ya pande zote mbili. Ya pili ni kwamba anayekejeliwa hujibu kwa kejeli, si kwa hasira. Ya tatu ni kwamba kejeli haimfukuzi mtani katika utu.

Kanuni ya kwanza na ya pili zinaonekana katika kumbukumbu za matokeo. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Simba, wakati huo ikiitwa Sunderland, mabao 5-0. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ikaifunga Yanga 6-0. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ikashinda 5-0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5-1. Mabao matano huitwa mkono, na kiganja kilichonyooshwa kinatosha kuwa wimbo mzima bila neno. Kila tarehe kati ya hizo ni hoja, na kila hoja ina jibu. Anayenyooshewa kiganja cha 2023 hurudisha cha 2012, na anayeambiwa habari za 1968 hutaja 1977. Shabiki kijana ambaye hakuwa amezaliwa miaka hiyo huzijua tarehe hizo kama alivyozijua vitendawili, kwa sababu bila hizo hana cha kujibia.

Kanuni ya tatu inahitaji ushahidi wa ndani zaidi, nao unapatikana katika sarufi ya majina ya kejeli. Kwa miaka mingi watani hawa wamepeana majina. Simba wameitwa Mikia, kwa maana ya sehemu ya nyuma ya mnyama wanayejivunia. Siku hizi huitwa pia Makolo, jina linalohusishwa na makolokolo, yaani vitu hovyo vilivyorundikana. Yanga wameitwa Vyura, kwa kuwa makao yao ya Jangwani, licha ya jina hilo la ukame, yako katika bonde la Msimbazi lifurikalo wakati wa masika. Siku hizi huitwa Utopolo, neno la mitaani la kutaja kitu kisicho na thamani. Ndani ya Yanga yenyewe, mgogoro wa miaka ya 1970 ulizaa majina ya viatu: Kandambili kwa waliobaki na Raizoni kwa waliojitenga na kuunda Pan African.

Majina mengi kati ya hayo huwatoa watani katika ngeli ya watu. Mikia ni ya ngeli ya u-i, makolokolo ni ya li-ya, na utopolo una kiambishi u- cha nomino za dhahania. Kwa kanuni ya kawaida tungetarajia mikia imefungwa, makolo yamefungwa, utopolo umefungwa. Lakini mashabiki hawasemi hivyo. Husema Mikia wamefungwa, Makolo wamefungwa, Utopolo wamefungwa. (Jina Vyura haliwezi kutumika kama ushahidi, kwa kuwa majina ya wanyama kwa kawaida huchukua upatanisho wa a-wa.) Kinachotokea ni kwamba nomino humvua mtani utu wake, na kitenzi humrudishia. Tusi na kikomo chake vimo katika sentensi moja.

Inaweza kupingwa kwamba upatanisho huu si jambo la utani, bali ni kanuni ya jumla: nomino yoyote inayorejelea binadamu huelekea kuchukua a-wa. Pingamizi hilo ni la kweli kwa kiasi, lakini halimalizi suala. Kiswahili kinawapa wasemaji hiari ya kuitumia ngeli kwa kudunisha, kama katika jitu hili limekuja au vitoto hivi vinasumbua. Hiari hiyo ipo wazi kwa shabiki, na katika kejeli ya kawaida haitumii. Inapotumika, msikilizaji mzawa huhisi mara moja kwamba mzaha umebadilika. Kwa hiyo upatanisho wa kisarufi ni kipimo kinachomwezesha mtafiti kuona mpaka wa utani bila kutegemea hisia zake mwenyewe.

Kuhusu jina la klabu yenyewe, tofauti nyingine inajitokeza. Magazeti huandika Simba imeshinda, kwa upatanisho wa taasisi. Shabiki husema Simba wameshinda, au Mnyama ameshinda. Taasisi haiwezi kutaniwa. Watu ndio wanaotaniwa. Wimbo wa jukwaani humhitaji mtu upande wa pili.

Nadharia hii inasaidia kueleza mambo mawili ambayo kwa kawaida huelezwa kama utovu wa nidhamu. La kwanza ni tabia ya mashabiki wa klabu moja kuishangilia timu ya kigeni inapocheza na mtani wao katika mashindano ya Afrika. Viongozi mara kwa mara wameihimiza jamii kutanguliza uzalendo. Lakini kwa kanuni za utani, mtani ana wajibu wa kuwapo na kukejeli hata msibani. Yeye ndiye anayekielewa Kiswahili cha kaulimbiu, mgeni hakielewi. Wimbo unaoimbwa kwa mgeni hupata jibu lake kutoka kwa mtani.

La pili ni nyimbo zinazoelekezwa kwa mwamuzi. Mwamuzi si mtani. Hana jukwaa, hana ngoma, wala hana haki ya kujibu. Kwa hiyo kejeli inayoelekezwa kwake haina wa kuipokea na kuirudisha, na kwa urahisi hugeuka tusi tupu. Hapa mzaha mzaha hutumbuka usaha, na sababu si ukali wa maneno bali ni kukosekana kwa anayeweza kujibu.

6.0 Kipaza Sauti na Simu

Matendo matatu yaliyoelezwa hapo juu yalikuwa yakifanywa mahali pamoja na katika saa moja. Katika miongo miwili iliyopita yameanza kutengana.

Kuanzisha kumehamia kwa sehemu kubwa kwenye kipaza sauti. Simba ilianza tamasha lake la Simba Day mwaka 2009, na Yanga ikaanza Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Katika matamasha hayo wasanii wa bongo fleva na singeli huimba jukwaani nyimbo za klabu zilizorekodiwa. Wasemaji wa klabu nao wamekuwa watunzi wa kaulimbiu. Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba, alihamia Yanga mwaka 2021, na kuhama kwake kulionyesha kwamba mwanzishaji sasa anaweza kuwa mtaalamu anayeajiriwa na upande wowote. Mwanzishaji wa jadi hakuweza kuhama, kwa sababu hakuwa na cheo nje ya wimbo wake.

Si haki kuyaona mabadiliko haya kuwa ni hasara tupu. Singeli yenyewe ni mali ya vitongoji vya Dar es Salaam, na kasi yake imewapa mashabiki lahani mpya. Aidha, kaulimbiu inayotoka ofisini haina nguvu mpaka jukwaa liipokee. Hata hivyo, kipaza sauti kina upungufu mmoja ambao hauondolewi na ubora wa mitambo: hakisikii. Mwanzishaji wa jukwaani hutazama mchezo, husikia upande wa pili umeimba nini, kisha huchagua. Wimbo uliorekodiwa hupigwa kwa wakati uliopangwa, nao huwafunika wale waliokuwa wakijiandaa kujibu. Jukwaa lenye kelele nyingi linaweza kuwa jukwaa ambalo halizungumzi na mtu.

Kujibu, kwa upande wake, kumehamia kwenye simu. Kejeli iliyotolewa uwanjani hurekodiwa kwa sekunde chache na kusambazwa, na jibu lake huja kesho yake kutoka kwa mtu ambaye hakuwapo. Kejeli hiyo inapofika mbali na uwanja hufika bila kicheko kilichoifuata, bila ngoma, na bila mtani aliyekuwa ameketi meta chache kutoka hapo akisubiri zamu. Masharti yaliyoifanya iwe utani hubaki Temeke. Maneno peke yake ndiyo yanayosafiri.

Kwamba utani unamhitaji mtani aliyepo ni jambo lililoonekana tarehe 8 Machi 2025, dabi ya Kariakoo ilipoahirishwa siku ileile iliyopangwa kuchezwa. Maneno yaliyobadilishwa katika majuma yaliyofuata yalikuwa mengi, lakini yalikuwa ya kanuni, barua na vikao. Mchezo ulipochezwa tarehe 25 Juni 2025, na Yanga kushinda 2-0, mashabiki walipata tena kitu cha kuimbia na cha kujibia.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba wimbo wa mashabiki katika viwanja vya Dar es Salaam hauelezeki vizuri kama kelele, wala kama uigaji wa ushabiki wa Ulaya. Ni utendaji wenye zamu, uliopata mwito na mwitikio kutoka katika semi za Kiswahili, mizani kutoka katika silabi na mkazo wa Kiswahili, ala na ushindani kutoka katika ngoma za mji, na maadili kutoka katika utani. Mpaka wake na tusi unategemea mambo mawili yanayoweza kuchunguzwa: kama anayekejeliwa ana nafasi ya kujibu, na kama sarufi inaendelea kumhesabu kuwa mtu.

Utanzu huu haudumu katika maandishi, na rekodi nyingi zilizopo ni za upande mmoja, kwa kuwa hurekodiwa na mashabiki wa upande huo. Wanafunzi wa uzamili na watafiti wanaotaka kuukusanya wanashauriwa kurekodi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kuandika dakika ya mchezo na tukio lililozaa wimbo. Kutaja nani alianzisha na safu ngapi zilipokea. Kunakili viambishi vya upatanisho kama vilivyotamkwa bila kuvisahihisha. Na, zaidi ya yote, kuandika jibu. Wimbo uliokusanywa bila jibu lake ni sawa na kitendawili kilichoandikwa bila jawabu: maneno yapo, lakini kilichowakutanisha watu hakipo.